Mpagazi wa Usingizi

Baada ya kikao cha kumi na mbili niliamka na ladha ya uji wa ulezi mdomoni. Sijanywa uji wa ulezi tangu nilipoacha kunyonyesha, na sasa ni mwaka wa ishirini na tisa.

Nikatulia, macho darini, nikiulamba mdomo wangu wa upande mmoja. Fundi Leokadia alikuwa ananifungua kilemba kichwani, waya mmoja mmoja, kwa vidole vyake vya baridi. Ng'ambo ya pazia Maganga alikuwa anakohoa kikohozi chake cha kuamkia.

"Dakika mia moja na nne za usingizi mzito," Leokadia alisema, akisoma namba zilizokuwa ziking'aa chini ya ngozi ya kiganja chake. "Mama Mwasiti, unakumbuka ulipofika hapa hospitalini Kisarawe ulikuwa unapata ngapi? Sita. Na hizo sita zenyewe vipande vipande."

Nitasahauje? Watu wanadhani kiharusi kinachukua mkono na mguu, basi. Hawajui kwamba kinachukua na usiku. Kwa wiki tisa sikupata hata lepe la usingizi lililotimia. Nilikuwa nasinzia mchana juu ya sahani ya wali kama mlevi, na jua likizama macho yanakuwa makavu kama mawe. Nikipitiwa kidogo, pumzi inakata, nashtuka nikihema. Mguu wa kulia, ambao mchana haunisikii hata niuombe vipi, usiku ulikuwa unarusha mateke peke yake. Usingizi wa mang'amung'amu, si kulala wala si kukesha. Na ubongo usiolala haujitengenezi. Kila neno nililofundishwa asubuhi, kesho yake lilikuwa limekwenda zake.

"Haya, jina lako."

"Si-ku-dhani."

"Kazi?"

"Sauti," nilisema. Nikalitafuta lingine, nikalipata. "Ya... stesheni."

Leokadia akapiga makofi ya furaha. Jana yake nilikuwa na neno moja tu.

Mimi ndiye sauti ya stesheni ya Pugu. Tangu abiria walipogoma kuamrishwa na mashine, sheria inataka kila stesheni iwe na mtu hai wa kuita treni, na kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa mimi. Kiharusi kilinipata nikiwa nimeshika kipaza sauti. Walionisikia wanasema nilianza vizuri, "Treni ya saa mbili na nusu kuelekea Morogoro," halafu ikatoka sauti kama ya mtu anayezama. Nafasi yangu wameniwekea mpaka mwisho wa mwezi wa tano.

Pazia likavutwa. Maganga alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, macho mekundu, na alama za waya kwenye paji la uso.

"Nimelala mimi, makofi anapigiwa Mzaramo," alisema. "Zamani babu zenu walitukalia njiani, hatupiti na mizigo yetu mpaka tuwape shanga. Leo shanga hamtaki tena, mnatutoza usingizi!"

"Mny... Mnyamwezi," nikamjibu. Nilitaka kuongeza kwamba kazi ya mpagazi ni kubeba, si kusema, lakini sentensi ilikuwa ndefu kuliko mimi.

"Mzee Maganga," Leokadia aliuliza, kidole tayari juu ya kiganja, "jana ulikula nini?" Hilo ni swali la utaratibu. Kila mtoaji wa usingizi anaulizwa akiamka.

"Jana? Muulize huyo aliyeila. Mimi sina jana. Mzaramo kaimeza pamoja na mifupa!"

Leokadia akacheka hadi akashika ukuta. Mimi pia nikacheka kwa nusu yangu inayocheka. Nikamwona akigusa kiganja na kuandika kama anavyoandika kila siku: mtoaji mchangamfu, malalamiko hakuna.

Nikalamba mdomo tena. Uji wa ulezi, wenye ndimu.

*

Daraja, ile mashine ya vilemba, linahitaji watu wawili. Mmoja analala kweli. Mawimbi ya usingizi wake mzito yanachukuliwa na kilemba, yanapitishwa, na kupigwa ndani ya kichwa cha mgonjwa mpaka ubongo uliosahau kulala ukubali kufuata. Vikao ni ishirini na moja, kila asubuhi kimoja. Na mtoaji sharti awe mtu wa nyumbani, kwa kuwa walishaona kwamba usingizi wa mgeni ubongo unautema.

Mwanangu Mwasiti alijitolea, wakamkataa kwa sababu ananyonyesha, naye usingizi wake ni matambara kama wangu. Ndugu yangu mwingine sina. Ndipo Maganga alipotokea akiwa na mfuko wa karanga. Alikuwa fundi wa reli pale Pugu, na alipostaafu akawa mlinzi wa usiku kwenye banda la betri za treni. Asubuhi ni wakati wake wa kulala, tangu hapo.

"Huyu ni nani wako?" waliniuliza.

"Mtani wake," Maganga alijibu.

Kwenye fomu hakukuwa na mahali pa mtani. Mwasiti akaandika ndugu, na hakukosea. Mke wa Maganga alipofariki, mimi ndiye niliyekwenda kujilaza mlangoni, jeneza likiwa mabegani mwa watu, nikasema halipiti mpaka Maganga anipe redio yake. Wageni kutoka mbali walishangaa. Wenyeji waliangua kicheko, na Maganga, ambaye kwa siku mbili hakuwa ametoa sauti, alinitukana tusi zito la kitani, akaenda kuleta redio. Ndiyo kazi ya mtani. Anaingia pale ambapo ndugu wa damu wanaogopa kuingia, na hapewi asante.

Mchana ule wa kikao cha kumi na mbili tulikaa barazani, mimi kwenye kiti cha magurudumu, Mwasiti akinikunja na kunikunjua vidole. Maganga alikuwa anamenya chungwa kabla ya kwenda zake.

"Binti yangu anajifungua wakati wowote," alisema. "Akiwa wa kike nitamwita Nyamizi, jina la bibi yake."

Vidole vyangu vikaacha kufuata.

Nyamizi alishazaliwa. Nilijua hivyo kama ninavyojua rangi ya mlango wangu. Nilijua geti la kijani la zahanati, lililopinda chini. Nilijua uzito wa mtoto kwenye mkono wa kushoto, na baka dogo jeusi nyuma ya sikio. Nilijua uji wa ulezi walioninywesha, mimi, babu yake, kwenye kikombe cha bati. Yote hayo nilikuwa nimeyaweka kwenye fungu la ndoto.

Mwasiti alicheka. "Mzee Maganga na utani wako! Si tulikwenda mimi na wewe jana, Jumatatu, kumwona mtoto? Si ulilia mpaka nesi akakupa kitambaa?"

Maganga akacheka pia. "Nimewapata," alisema. "Nilitaka kuona kama mnakumbuka."

Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa mfuko wake. Nilimwona akichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitazama chini ya chungwa, akairudisha.

*

Tangu mchana ule sikutulia. Nilijisukuma kwenye korido kwa mkono mmoja, kiti kikienda upande, nikarudi, nikaenda tena. Vigae mia moja na kumi na sita. Mwishowe nikamkuta Leokadia kwenye chumba cha vilemba, akifuta waya kwa pamba.

"Jana," nilimwambia. "Yake. Mimi."

"Mama, hilo Mzee Maganga analiimba kila siku!"

"Kweli."

"Kweli nini?"

Nikajigonga kichwa kwa kiganja. "Humu. Jana yake."

Akaacha pamba. Ni msichana mwema Leokadia, ana huruma, tatizo lake anacheka haraka. Alichuchumaa mbele yangu akanieleza polepole kama ninavyoelezwa siku hizi na kila mtu. "Sikiliza. Kinachopita kwenye Daraja ni mdundo tu. Ngoma ikipigwa kilima kile, wewe unacheza huku, mpigaji hujawahi hata kumwona. Ndoto utaota, hilo ni zuri, ubongo unaamka. Mnakaa pamoja kila siku, mengine unayasikia bila kujua umesikia."

Nikatikisa kichwa.

"Unataka tusimamishe?" Sauti yake ilibadilika. "Mimi siwezi kukulazimisha. Ila ujue hesabu ya kichwa. Mlango wa kujitengeneza unabaki wazi siku tisini baada ya kiharusi. Umebakiza vikao tisa na siku kumi. Ukisimama leo, maneno yatabaki yalipo, na mengine yatarudi nyuma. Ukifika cha ishirini na moja, utaita treni. Nakuapia, Mama, utaita treni."

Nilikuwa na jibu, ila nilijifanya neno limenikimbia. Ni rahisi kwa mtu kama mimi, hakuna anayeshuku.

*

Jioni, kabla hajaingia kazini, Maganga alipita barazani kuniletea karanga. Mwasiti alikuwa amekwenda kunyonyesha. Nikamshika shati.

"Nyamizi," nilisema. "Kazaliwa."

Akatabasamu. Nikazidi kulishika shati mpaka tabasamu likachoka.

"Unajua," alisema. Akakaa kwenye sakafu, mgongo ukutani. "Sawa. Naamka sina kitu, Sikudhani. Najua ya mwezi uliopita, najua ya utotoni. Ya jana nikitafuta nakuta pamefagiwa. Binti yangu ananiandikia kwenye karatasi."

"Sema... kwa fundi."

"Nilisema! Kikao cha nne, mbele ya fundi na mbele ya mwanao. Hilo nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, hili hapa." Akaigonga karatasi. "Nilisema, jamani, huyu Mzaramo kanila jana yangu. Mkacheka wote. Nikajua mmesikia na mmekubali. Ningesema vipi tena, nipige magoti?"

Tangu tujuane, Maganga hajawahi kuniambia jambo zito bila kulivisha nguo ya mzaha, nami sijawahi. Ndivyo tulivyolelewa. Leokadia angecheka hata kama Maganga angemwambia kwamba nyumba inaungua.

"Hatu... kujua."

Akavunja ganda la karanga moja. Kidege cha mashine cha kuleta dawa kilitua juu ya paa, kikanguruma, kikaondoka.

"Basi endeleeni kutojua mpaka cha ishirini na moja," alisema. "Siku zenyewe zinafanana. Banda, taa nyekundu, taa ya kijani, kulala. Nani atazililia?"

"Nyamizi."

Akageuza uso. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Yukoje?"

"Baka," nilisema. "Jeusi. Nyuma... ya sikio."

Akaligusa sikio lake mwenyewe. "Kama bibi yake," alisema. "Hakika. Kama bibi yake." Akanyanyuka, akanirushia karanga mapajani. "Mpagazi hatui mzigo porini, Mzaramo. Ninakufikisha. Ukinitangaza kwa fundi nitakana, nitasema kiharusi kimekupanda tena."

*

Sitaki mtu aje kunipamba, kwa hiyo nasema mwenyewe: kikao cha kumi na tatu nilikichukua.

Usiku mzima nilikuwa macho nikibishana. Mguu unarusha mateke, shuka liko sakafuni, na mimi nanong'ona kwenye mto, "Treni ya saa mbili... treni ya saa..." Neno linafika kwenye meno linageuka. Nikajiambia ni vikao tisa tu, nitamsimulia baadaye, siku zake ziko kwangu, haziendi popote. Nikajiambia yeye mwenyewe ametaka. Nikajiambia kila ambacho mwenye njaa hujiambia mbele ya chungu cha jirani. Asubuhi Leokadia alipoleta kilemba, niliinamisha kichwa nikafumba macho.

Nililala kama mtoto. Nasema kweli, ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote.

"Treni ya saa mbili na nusu," nilisema kabla kilemba hakijatoka.

Leokadia akadondosha waya. Mwasiti, aliyekuwa mlangoni, akaanza kulia. "Mama! Rudia, Mama!"

Sikurudia, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kimeingia na usingizi ule. Niliona baraza la jana jioni, lakini kutoka sakafuni, mgongo ukiwa ukutani. Nilimwona mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umeshuka upande, amekamata shati langu kama mtu anayezama. Nikamsikia akisema, kwa shida, baka jeusi nyuma ya sikio. Nikasikia kifua kinavyojaa. Hakuna karatasi ingeweza kuandika kile kifua.

Pazia likavutwa. Maganga akakohoa.

"Nimelala mimi, analiliwa Mzaramo," alisema. Akamgeukia Mwasiti, akitabasamu, mkono ukienda polepole mfukoni. "Habari za binti yangu? Bado hajajifungua?"

Mwasiti akacheka katikati ya machozi. Leokadia akacheka. Kidole kikagusa kiganja.

Nilikuwa nimempa zawadi moja tu tangu niugue, na nilikuwa nimemnyang'anya nikiwa usingizini.

*

Kesho yake sikusubiri kuitwa. Saa mbili na robo nilijisukuma hadi chumba cha Daraja, nikapita kitanda changu, nikavuta pazia. Nilijikokota kutoka kwenye kiti kwa mkono mmoja na meno, shuka likiwa mdomoni, mpaka nikawa juu ya kitanda cha Maganga. Nikajinyoosha katikati yake, mikono kifuani, macho darini.

Alinikuta hivyo akitoka zamu, harufu ya betri kwenye koti.

"We Mzaramo, umepotea? Chako kile pale."

"Siondoki."

"Fundi! Njoo umtoe mtani wangu, kanilalia kitanda!"

Leokadia alikuja mbio, Mwasiti nyuma yake. Wote wawili walikuwa na kicheko tayari usoni. Kisha Mwasiti akaniangalia vizuri, mikono kifuani, miguu imebana, na kicheko chake kikaisha. Alikuwepo msibani mwaka ule. Alikuwa ameshika ile redio.

"Mama," alisema. "Unataka nini?"

Mtani akijilaza, hutolewa kwa kupewa anachotaka. Leokadia hakulijua hilo, kwao hawana, lakini alimwona Maganga. Maganga alikuwa amevua kofia.

"Fundi," nilisema. "Andika."

"Niandike nini, Mama?"

"Alisema. Kikao... cha nne. Hana jana. Si mzaha." Jasho lilikuwa linanitoka. "Andika: si mzaha."

"Huyo kiharusi kimem—" Maganga alianza.

"Karatasi," nilimwambia Mwasiti. "Mfuko wake. Kushoto."

Maganga hakuruhusu. Aliufunika mfuko kwa viganja vyote viwili. Leokadia alitazama mfuko, akanitazama, akatazama kiganja chake mwenyewe, ambapo siku kumi na tatu zilikuwa zimepangwa moja chini ya nyingine, mchangamfu, mchangamfu, mchangamfu. Akaketi kwenye kitanda changu kitupu.

"Mzee Maganga," alisema. Hakuwa anacheka. "Juzi ulikula nini?"

Maganga akafungua mdomo. Nilimwona akiutafuta mzaha. Haukuja.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Leokadia aliandika kwa muda mrefu. Akaenda ukutani, akazima Daraja, na taa ya kijani juu ya kitanda changu ikafa.

"Mama, siku nane," Mwasiti alinong'ona. "Stesheni..."

"Najua."

"Basi ondoka kitandani kwangu," Maganga alisema kwa hasira. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Umeshapata. Umeutupa mzigo porini, Mzaramo mjinga, na tulikuwa tumeshaona moshi wa vijiji!"

"Bado," nilisema. "Kaa."

"Nikae wapi, umelala wewe?"

"Kaa."

Akakaa ukingoni, mgongo kwangu. Nilikuwa nimeanza kuhisi mguu unataka kurusha. Nilijua usiku huu sitalala, wala kesho, na kila usiku nisiolala utaondoka na maneno mangapi sijui. Siku zake kumi na tatu zilikuwa ndani yangu, na njia ya kutokea ilikuwa inafungwa. Nikaanza na ile iliyo kubwa.

"Jumatatu," nilisema. "Geti. La kijani. Limepinda... chini."

Mgongo wake ukatulia.

"Uji. Ulezi. Ndimu. Kikombe cha... cha..." Nikakiruka. "Umempokea. Mkono wa kushoto. Umelia."

"Nililia?"

"Sana. Nesi... kitambaa."

"Muongo."

"Kweli," Mwasiti alisema kutoka mlangoni.

Maganga akageuka. Akachomoa karatasi yake, akaikunjua juu ya goti, akamwomba Leokadia kitu cha kuandikia. "Haya, endelea, Mzaramo. Polepole, mimi si mashine. Mtoto yukoje?"

Nikafungua mdomo kumwambia. Neno halikuwepo. Juzi lilikuwepo, nililisema kwa mdomo wangu, neno fupi, jepesi. Nililitafuta kwenye meno, kwenye koo, nikapiga kitanda kwa kiganja. Mguu ukarusha teke, ukamgonga kiunoni. Hakusogea. Alikuwa ananitazama mdomoni kama abiria anayesubiri kuambiwa jukwaa.

Nikaacha kutafuta. Nikanyoosha mkono, ule wa kulia, ambao haujanyooka tangu mwezi wa pili. Ulikwenda ukitetemeka, ukashuka, ukapanda tena. Nikaweka kidole nyuma ya sikio lake, mahali penyewe, nikakibonyeza hapo.